Nimemaliza Long Way Home ya Cameron Douglas, mtoto wa Michael Douglas, haya ndo maoni yangu

Jamani habari zenu. Nimekaa na hiki kitabu wiki tatu na ushee, nimekimaliza juzi usiku mida ya saa saba, na nimeona nisinyamaze nacho kwa sababu wakati mimi mwenyewe nakitafuta sikukuta hata mtu mmoja aliyekielezea kwa Kiswahili. Kinaitwa Long Way Home, kimetoka Oktoba 2019, wachapishaji ni Knopf wa New York, na aliyeandika ni Cameron Douglas, mtoto wa kwanza wa mwigizaji wa Hollywood Michael Douglas na mjukuu wa Kirk Douglas, naye mwigizaji. Kama jina la Kirk halikuambii kitu waulize wazee wako, ndo huyo aliyecheza Spartacus, ile muvi ya watumwa walioasi ya mwaka 1960, yule mwenye kishimo kwenye kidevu. Marehemu baba alikuwa mtu wa sinema, enzi za Avalon na Empire pale mjini, na Spartacus alikuwa anatuhadithia kama jirani yetu wa nyumba ya tatu, anasimama kabisa anashika mwiko wa ugali anatuonyesha upanga ulivyokuwa unashikwa.

Nianze na kitabu chenyewe maana najua kuna wanaotaka kujua bei kabla ya stori. Changu ni mtumba, nimenunua kwa kijana anayeuza vitabu vya makontena, alianzia elfu thelathini tukapatana elfu kumi na nane. Kava ngumu, karatasi nzuri haijaanza kuwa ya njano, herufi za saizi inayosomeka hata na taa ya sola, kurasa karibu 400. Aliyekuwa nacho kabla yangu alipita na penseli, anapigia mistari chini ya maneno, sana sana pale baba anapotajwa, anapiga mstari, anapiga tena wa pili juu yake, halafu ukifika kwenye mambo ya gerezani penseli inakoma na hairudi tena mpaka mwisho. Sijui alichoka au ilimzidi. Niliwaza sana huyo mtu, kuliko hata nilivyotegemea.

Kiingereza chake siyo kigumu sana ila kina maneno mengi ya mtaani na ya jela, mimi nimesoma mpaka kidato cha sita na nilikuwa na kamusi ya simu pembeni. Kama Kiingereza chako ni cha shule tu utakimaliza, ila usikimbie.

Sasa stori. Cameron kazaliwa Desemba 1978. Baba yake alikuwa tayari ameshachukua Oscar kama prodyuza wa One Flew Over the Cuckoo's Nest, na mtoto alipokuwa na miaka tisa baba akachukua nyingine, safari hii ya kuigiza, kwa ile muvi ya Wall Street. Babu naye kazaliwa 1916 kwa wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Urusi, jina lake la kuzaliwa Issur Danielovitch, baba yake alikuwa anazunguka kukusanya na kuuza matambara kwenye mji unaoitwa Amsterdam, jimbo la New York. Yaani hesabu mwenyewe, kutoka muuza matambara mpaka mtoto anayekulia Santa Barbara na likizo anaenda kwenye jumba la familia kisiwani Mallorca kule Hispania, hapo katikati ni vizazi viwili tu, Kirk na Michael, hakuna hata cha tatu.

Kirk alikuwa na usemi wake, kwamba wanawe hawakupata bahati aliyoipata yeye, bahati ya kuzaliwa maskini. Watu wanaupenda sana huo usemi. Mama yangu nilipomwambia alinyamaza kidogo akasema umaskini hauna bahati ndani yake, aliyenao anajua. Mama ataingia sana humu kwenye haya maoni na nitaeleza kwa nini.

Utoto wa Cameron ni utoto wa nyumba kubwa zisizo na watu. Baba yuko lokesheni miezi na miezi, akirudi yuko na simu, yuko na wageni, ndoa ya wazazi inakufa polepole na mtoto anaisikia ikifa kupitia ukutani. Mwaka 1992 baba mwenyewe aliingia sehemu ya kutibiwa kwa ajili ya pombe. Kilichonigusa ni kwamba mwandishi hamlaumu baba kwa kelele, anampenda, anamtetea, halafu anaweka tukio moja dogo tu mezani bila kulielezea na wewe msomaji ndo unabaki nalo kifuani. Huyu mtu amejichora tatoo ya sura ya baba yake na ya babu yake kwenye mwili wake mwenyewe, tumboni, picha zake zipo ukitafuta. Fikiria mtoto anatembea na sura za wazee wake wawili chini ya shati kila anakokwenda.

Akaanza na bangi akiwa bado mdogo kabisa, ikaja kokeini, ikaja ile meth ya mawe, mwisho heroini kwa sindano. Katikati ya hapo alikuwa didijei, na sio wa kubahatisha, alikuwa anapata shoo. Mwaka 2003 familia ikacheza muvi pamoja, Kirk, Michael, Cameron, na bibi yake Diana naye yumo, inaitwa It Runs in the Family, yaani ni jambo la ukoo, liko kwenye damu. Mwaka uliofuata, Julai 2004, baba yake mdogo Eric, mdogo wake Michael kwa baba, akafa New York kwa kuchanganya pombe na vidonge. Alikuwa na miaka 46.

Huyu Eric naye alitaka kuwa mchekeshaji wa jukwaani. Kuna kisa kinasimuliwa sana kwamba alipanda jukwaani London watu hawakucheka, akakasirika akawapigia kelele kwamba hamwezi kunifanyia hivi mimi ni mtoto wa Kirk Douglas, basi mtu mmoja akasimama kwenye viti akasema hapana, mimi ndo mtoto wa Kirk Douglas, akasimama wa pili, wa tatu, ukumbi mzima, kama kwenye ile muvi watumwa wanavyosimama kila mmoja anasema mimi ndo Spartacus. Mimi kisa hiki nimekisikia mara nyingi watu wanakitoa kama kichekesho. Baada ya kusoma hiki kitabu siwezi kukicheka tena. Yule alikuwa binadamu amesimama mbele za watu ameishiwa kabisa, kitu pekee kilichobaki mfukoni ni jina la baba yake, na hicho nacho wakamnyang'anya.

Ungedhani msiba wa baba mdogo ungemshtua Cameron. Kwa mtu asiyewahi kuishi na teja ndani ya nyumba hilo swali lina akili, kwa sisi wengine halina. Msiba ukiisha teja anatafuta pa kwenda kutuliza uchungu wa msiba.

Naomba niseme hapa kwa nini nilikitafuta kitabu hiki. Kaka yangu mkubwa alikuwa anatumia unga. Alikuwa konda wa daladala, kijana msafi, anapiga pasi mpaka soksi, na sisi tulikuja kujua tumechelewa, tulijua siku redio imepotea, ikafuata pasi yenyewe, likafuata sufuria kubwa la mama la shughuli. Mama akauza cherehani yake kumpeleka sober moja, yaani nyumba ya kutibia mateja, nje ya mji ambayo siitaji, walikuwa wanawafunga minyororo miguuni na kuwapiga na kuita hiyo ni tiba, akatoroka mwezi wa pili akarudi na makovu na arosto juu, yale mateso ya mwili ukikosa unga. Majirani wakawa wanampitishia mama methali, mchelea mwana kulia hulia yeye, samaki mkunje angali mbichi, wanazisema kwa sauti ya kawaida kabisa wakiwa bombani wanasubiri maji. Na mama akawa ameshika jambo moja kichwani miaka yote, kwamba tungekuwa na hela kaka angepona mapema. Kwamba ni umaskini wake yeye ndo ulimponza mwanae.

Ndo nikasikia kuna mtoto wa Michael Douglas kaandika kitabu.

Kwa hiyo nikawa namsomea mama. Mama Kiingereza hajui, jioni akiwa anachambua mchele kwenye ungo, mimi nasoma ukurasa kimya halafu namsimulia kwa Kiswahili, yeye anarusha, anapembua, anatoa mawe, vidole haviachi kutembea. Nilipofika Julai 2009 vidole vilisimama. Hapo ndo Cameron anakamatwa, hoteli ya Gansevoort pale Manhattan, na maafisa wa shirikisho wa kupambana na dawa za kulevya, kesi ya kuuza meth. Alikuwa haoni tena njia nyingine ya kupata hela ya dozi maana nyumbani walishamfungia mifereji, akawa dalali wa mzigo. Familia yenye mabilioni na mtoto anauza.

Akawekwa kifungo cha nyumbani, kwenye nyumba ya mama yake mzazi, akisubiri kesi. Na hata hapo mpenzi wake akamletea heroini ameificha ndani ya mswaki wa umeme, ikakamatwa, ndo akapelekwa mahabusu moja kwa moja. Mama aliposikia mswaki akacheka kicheko kile cha kulia, akasema kaka yako aliletewa kwenye andazi.

Aprili 2010 akahukumiwa miaka mitano. Kwa sheria zao kima cha chini kilikuwa miaka kumi, ikashuka kwa sababu alikubali kuwataja waliokuwa wanampa mzigo, yaani alichoma, na ukichoma ukiwa jela ya Marekani unajua maisha yako yatakuwaje humo ndani. Kabla ya hukumu baba yake alimwandikia jaji Richard Berman barua ya kurasa tano kwa mkono wake. Hakumwombea mwanae kwa kusema hana kosa. Aliandika kwamba anajua kidogo uzito wa kutafuta kuwa wewe mwenyewe wakati baba yako ni mtu maarufu, lakini uzito wa kuwa na wawili, baba na babu, huo hana hakika kama yeye mwenyewe anaweza kuuelewa.

Mama aliniuliza, kwa mkono? Nikamwambia ndio mama, kwa mkono, siyo kompyuta. Akauliza tena, kurasa ngapi. Tano. Akaweka ungo chini. Mama yangu mwaka 2010 hiyo hiyo alisimama mahakama ya mwanzo kumwombea kaka aliyeiba betri ya gari, na hakuwa na barua, alikuwa na kanga yake tu na cheti cha ubatizo cha kaka alichokishika mkononi sijui alidhani kitasaidia nini. Nilikuwepo. Hakimu hakukiangalia. Miaka yote hii nilikuwa nakiona kile cheti kama aibu, siku hiyo kwenye mchele nikakiona tofauti.

Miezi michache baada ya hukumu, Agosti 2010, Michael Douglas akatangaza ana kansa. Mtoto ndani, baba kwenye mionzi.

Sasa hapa ndo kitabu kinapanda, na hapa ndo penseli ya yule mwenzangu iliishia. Jela haikumtoa kwenye unga. Unga ulikuwemo. Wakili wake mmoja alifikia hatua ya kumpitishia vidonge vya Xanax, vya kutuliza wasiwasi, mahabusu. Mwaka 2011 akakamatwa tena gerezani akiwa na heroini kidogo na Suboxone, na Desemba mwaka huo jaji yule yule akamwongezea miaka minne na nusu, jumla ikawa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Akakaa selo ya peke yake kwa muda mrefu mno, saa ishirini na tatu kwa siku kwenye kachumba. Hizo kurasa nilizisoma polepole mwenyewe, sikumsimulia mama zote.

Naomba mnisikilize kwenye hiyo Suboxone, maana wengi watairuka. Suboxone siyo dawa ya starehe kwa asili yake, ni dawa ambayo madaktari wanawapa watu wanaotoka kwenye heroini, ina buprenofini ndani, kazi yake ni kama ya methadoni, inakata arosto mtu anaanza kuishi. Watu wanaiingiza magerezani kwa magendo kwa sababu ndani kuna wagonjwa na tiba hawapewi. Kwa hiyo mojawapo ya vitu vilivyomwongezea huyu kijana miaka ni dawa ya ugonjwa wake mwenyewe. Kesi ilipoenda rufaa madaktari wa mambo ya uraibu wakaiandikia mahakama kwamba huyu ni mgonjwa, anahitaji tiba, kumwongezea kifungo hakumtibu. Mwaka 2013 rufaa ikagonga mwamba, miaka ikabaki vile vile.

Mimi nilifunga kitabu nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kwa sababu kaka yangu, mtoto wa fundi cherehani, anakunywa methadoni kila siku ya Mungu bila kulipa senti. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, ikaja Mwananyamala, ikaja Temeke, na kaka ni wa Temeke. Nimeshamsindikiza mara nyingi. Unapanga foleni alfajiri, unataja namba yako dirishani, nesi anahakiki kwenye kompyuta, anakumiminia kwenye kikombe kidogo cha plastiki, unakunywa mbele yake, halafu lazima umwongeleshe, useme hata asante dada au habari ya asubuhi, ili ahakikishe umemeza hujaficha mdomoni. Kaka huwa anasema "asante dada, Mungu akubariki", maneno yale yale kila siku, kwa sauti. Mwaka ule ule wa 2011 ambao sisi hapa tunaanza kutoa kikombe hicho, mjukuu wa Spartacus anaongezewa miaka kwa kukutwa na dawa ya kazi ile ile.

Nilimsimulia mama hilo. Nilimwambia mama, huyu alikuwa na hela ya kununua hospitali nzima, alipelekwa sehemu za matibabu za gharama ambazo mimi na wewe hatujui hata mlango wake unafananaje, na jela akaenda, na mawakili akawa nao, na havikumtoa. Mama hakujibu. Alimaliza mchele, akaupeleka jikoni, akarudi akaniambia basi haikuwa cherehani. Nikamwambia hapana mama, haikuwa cherehani.

Kwa hilo tu kitabu kimenilipa elfu kumi na nane yangu.

Nirudi kwenye kitabu. Septemba 2013 baba yake alichukua Emmy, tuzo ya runinga, kwa kucheza kama mpiga piano Liberace kwenye muvi ya Behind the Candelabra, na nyuma ya jukwaa waandishi wakamzunguka, usiku wa sherehe, na yeye akatumia nafasi hiyo kusema mwanae yuko selo ya peke yake karibu miaka miwili na ameambiwa hatoruhusiwa kumuona kwa miaka miwili. Akasema mwanzo alidhani magereza ndo yatamsaidia mwanae ila sasa anaanza kuutilia mashaka mfumo wenyewe. Mtu ana tuzo mkononi anaongelea ratiba ya kutembelea gereza. Wenye ndugu jela mtaelewa, popote ulipo kichwa kinahesabu siku ya kuona ndugu.

Alitoka 2016, baada ya karibu miaka saba. Desemba 2017 akapata mtoto wa kike. Babu Kirk alikuwa bado hai, alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 103, kwa hiyo aliwahi kumuona mjukuu karudi na kitukuu juu yake. Hii sehemu ya kurudi nyumbani ni fupi kuliko nilivyotaka. Mimi ndo niliyoitaka zaidi. Jinsi mtu wa karibu miaka 40 anavyojifunza kushika simu mpya, kulala bila taa ya korido, kukaa meza moja na wadogo zake ambao alipoingia ndani walikuwa watoto, hapo ningekaa kurasa mia zaidi, yeye anapita fasta.

Na zipo kasoro nyingine nisiwafiche. Katikati kule kwenye miaka ya kutumia stori inajirudia, anatumia, anakosana na watu, anahama, anatumia tena, unafika mahali unaanza kuchanganya mwaka gani yuko mji gani. Najua ndivyo maisha ya teja yalivyo, siku zote zinafanana, lakini msomaji siyo shahidi wa mahakamani, ungeweza kupunguza. Wanawake wa maisha yake wanapita kama vivuli, wengine waliumia sana kwa kuwa naye na kitabu hakiwapi nafasi ya kuongea. Pia waliokuwa wananunua mzigo aliokuwa anauza, hao hawaonekani kabisa, na mimi kama dada wa mtu aliyekuwa ananunua kete niliwatafuta humo ndani sana. Kila mzigo ulikuwa unaishia kwenye nyumba ya mtu. Hilo nililisubiri mpaka ukurasa wa mwisho na sikulipata kwa kiasi nilichotaka.

Kitu kingine, kuna mahali anajisikia kidogo fahari na ubabe wa jela, nani alipigana na nani, nani anaheshimika. Namwelewa, ilikuwa njia ya kubaki hai humo ndani, ila kama unampa kijana wa miaka kumi na sita asome kaa naye karibu.

Wengine mtaniuliza kwani watoto wa mastaa wote wako hivi. Hapana, na sipendi hiyo habari ya mtoto wa nyoka ni nyoka. Jackie Chan ambaye wote tumekua naye kwenye mabanda ya video, mwaka 2009 alipewa ubalozi wa kupinga dawa za kulevya huko China, na 2014 mwanae Jaycee akakamatwa Beijing na bangi, Januari 2015 akahukumiwa miezi sita. Watu walimcheka sana Jackie. Mimi namuonea huruma, baba anasimama kwenye mabango kuwakataza watoto wa watu, wa kwake kapitia mlango wa nyuma. Hakuna mzazi anayelindwa na cheo chake kwenye hili.

Basi kwa nyota nampa nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ile katikati na kwa wale wanunuzi. Nawashauri wenye mtu wa aina hii nyumbani mkisome, na hasa kina mama ambao bado mnahesabu mlichokosea, kama hujui Kiingereza mtafute mtu akusimulie jioni kama nilivyofanya mimi, inawezekana kabisa, tulitumia wiki tatu na mchele mwingi. Ila kama kwa sasa una msiba wa mtu aliyekufa na unga, ningesema subiri kwanza, kile kifo cha Eric kitakurudisha kaburini.

Upatikanaji, mpya kinauzwa mitandaoni lakini usafirishaji unazidi bei ya kitabu chenyewe, kwa hiyo jaribuni kwa wauza mitumba wa vitabu au mwagizeni ndugu aliyeko nje akija likizo. Mkienda kwa muuzaji hakikisheni kurasa zote zipo, nakala ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa imechomolewa karatasi za picha.

Changu kwa sasa siwezi kukiazima maana anacho kaka. Alikiona mezani, akauliza hiki ndo mnachosoma na mama jioni, nikamwambia chukua. Kiingereza chake cha ukonda, anasoma ukurasa mmoja au miwili akiwa kwenye foleni pale Temeke, neno likimshinda ananitumia kwenye WhatsApp, jana kanitumia manne kabla sijaamka. Ameniomba na kalamu ya risasi.